Kisima cha Siwatu

Nina kisima changu: ukikiacha kinakauka, ukikichota kinajaa. Nini hicho? Usinijibu upesi, maana hata Siwatu kilimshinda, na aliyetegewa ni yeye.

Mwanawe alizaliwa kabla ya miezi saba, wa kutosha kwenye kiatu cha babake. Maziwa aliyapata kwa mpira mwembamba uliopita puani, na wiki nzima mizani haikusogea. Siwatu alikamua matone tu, hayafuniki hata kitako cha kikombe kidogo cha dawa. Basi akaacha kukamua tangu asubuhi, ili yajikusanye.

"Unayawekea akiba?" Bi Mwanakombo, mama mkwe wake, akacheka kwa huruma. "Ndiyo maana kitendawili changu hukiwezi! Shika kikombe."

"Hakuna kitu, mama."

"Kamua hicho hicho hakuna kitu, mwanangu."

Siwatu akakamua, kila baada ya saa tatu, na Bi Mwanakombo akawa anakipokea kikombe kwa mikono miwili, kama aliyeletewa tunu. Siku ya tatu kitako kilifunikwa. Siku ya tano nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akasoma, akainama asome tena.

"Tangu juzi kaongezeka gramu thelathini! Leo tumzidishie. Maziwa yapo?"

Siwatu alikuwa akitazama kikombe. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na kanga yake kifuani ilikuwa bado inalowa.

"Ni ziwa la mzazi, mama," alimwambia mkwewe, akinyoosha mkono apewe kikombe cha pili.