Mlango Uliokandikwa Mara Mbili

Msimuliaji wa hekaya hii ameshindwa mpaka leo kujua kwa nini walionyonya ziwa moja humchunga ndugu yao kuliko wanavyomchunga mwizi.

Mzee Kuchakulo, kindi wa mashimoni, alikufa ghafla, akaacha mjane, wana wawili na ghala la karanga ardhini. Mjane alitaka kitu kimoja tu, chakula cha kiangazi, kwa hiyo akamwita Kobe, wakili wa mirathi.

"Teueni msimamizi mmoja leo, kisha mgawane," Kobe akawaambia wana. "Karanga si mawe."

"Akiwa huyu kaka, tutarithi maganda," akasema mdogo. "Hata matangani alilia huku anatafuna."

"Afadhali mimi nililia, bwana mdogo."

Wakawekeana pingamizi. Mkubwa akaukandika mlango wa ghala kwa udongo, mdogo asiingie. Mdogo akakandika udongo wake juu ya ule, mkubwa asiingie. Kisha wakaketi hapo, wakitazamana.

"Wanangu, nina njaa," akasema mama.

"Vumilia, mama. Tunakulindia mali yako."

Kobe akainamisha kichwa, akasikia kitu kinatafuna chini ya ardhi, akawaambia. Wakamcheka. Wakili gani hataki mlango ufunguliwe, apate chake?

Kiangazi kilipokwisha, baraza la wanyama likaamua karanga zigawanywe, na fungu la mjane litangulie. Mlango ukabomolewa. Mjane, mifupa mitupu, akachungulia wa kwanza, akaona maganda. Hukumu ilikuwa imekwishatekelezwa na mchwa, waliopanda kutoka chini, mahali ambapo hakuna ndugu aliyelinda.