Ngiri Aliyekataa Kunawa Masizi

Jumatatu, tarehe 14 Septemba, nyika iliwaka moto, na Ngiri peke yake ndiye aliyebaki katikati ya moshi akiwaonyesha wanyama wenzake njia ya kutokea. Jioni wote walioga, wakajipaka mafuta ya nyonyo. Yeye alikataa.

“Bwana Ngiri, nawa upesi,” Bi Muhanga, jirani yake mchimba vichuguu, alimsihi. “Masizi hayo yatakula ngozi.”

“Huu ndio ushahidi wangu, bibie! Alhamisi mkuu wetu Tembo anamteua mlinzi wa moto. Nikioga, atanijuaje?”

Jumanne alianza kuwashwa. Jumatano alijisugua kwenye kila kisiki, hakula wala hakulala.

Alhamisi Tembo alimwita mbele. “Siku ile nilikuona kwa macho yangu, Ngiri. Kazi ni yako. Simama wima, utulie, ule kiapo.”

Kabla ya neno la tatu Ngiri alijikuna ubavu. Kabla ya la tano alikuwa akigaagaa chini.

Tembo alingoja, kisha akageuka. “Mlinzi hukaa juu ya kichuguu kutwa bila kutikisika. Bi Muhanga, njoo uape wewe. Na huyu shujaa wetu, mpelekeni akaoge.”