Mtoto Asiyelia

"Lia wewe! Lia!" mwamuzi alimfokea mtoto usoni. Mtoto akacheka.

Iwatsuru akamwinua juu zaidi, jasho likimchuruzika. Kwa miaka mitano kina mama walikuwa wakimgombea mwanamieleka huyu kwenye sherehe ya hekalu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyeuona uso wake kwa karibu asiangue kilio. Na hapa anayelia kwanza ndiye mshindi. Maradhi humpita mbali mwaka mzima.

Upande wa pili wa ulingo, mtoto wa kushindana naye alikuwa amelala fofofo mikononi mwa mwanamieleka mwingine.

Iwatsuru akatoa macho, akanguruma. Daigo, miezi kumi na moja tu, akamshika pua.

"Leo umepatikana, Iwatsuru!" mzee mmoja akapaza sauti. "Na uso huo ungeniliza hata mimi!"

Watu wakavunjika mbavu. Sayoko, mama wa mtoto, hakucheka. Alikuwa amemsihi mama mkwe wake wachague mwanamieleka mwingine, huyu atamtisha mtoto mno. Lakini Bi Kinue akishaamua jambo, hasikii la mwadhini wala la mteka maji.

"Mlize basi," Sayoko akasema. "Tafadhali, mlize."

"Najaribu," Iwatsuru akajibu bila kumtazama. Alitia huruma, jitu la kilo mia na sitini, machozi yakimlengalenga yeye badala ya mtoto.

"Mtoto gani huyu!" Bi Kinue akalalamika. "Nyumbani hulia akiguswa na yeyote asiyemjua, na hanyamazi mpaka mama yake amkune nyuma ya sikio. Baba yake mwenyewe katoka kuvua jodari miezi kumi, leo siku ya nne yuko nyumbani, na kila akimshika ni mayowe."

"Atanizoea tu, mama," Shuhei akasema kwa upole, huku akivua viatu. "Ngoja nikamsaidie yule bwana."

Akapanda ulingoni, akanyoosha mikono. "Njoo kwa baba, Daigo."

Daigo akamwona. Akapiga yowe lililorusha njiwa wote wa hekalu, akajificha shingoni mwa Iwatsuru, ngumi zake mbili zimekamata kishungi cha nywele za mwanamieleka.

"Mshindi!" mwamuzi akainua upepeo wake. Umati ukalipuka kwa shangwe.

Iwatsuru, bila kufikiri, akamlaza mtoto begani, akamkuna nyuma ya sikio. Daigo akanyamaza papo hapo.

Shuhei alikuwa bado amenyoosha mikono.