Kofia Ndogo Kama Ngumi

Kina mama wenzangu, msinunue cheti.

Wakala wa tiketi aliniambia, “Mama, wewe mzima kama kigongo. Nipe jina tu, cheti cha kuwa huna korona kinatoka bila kupimwa. Hukai karantini, unashuka kwenye ndege moja kwa moja kumbeba mjukuu.”

Roho ikasita. Nikaenda kupimwa.

“Unayo,” daktari akasema.

Asubuhi ile nilikuwa nimebeba sanduku peke yangu, naimba. Sina kikohozi, sina homa. Kumbe kitu kisichoonekana kimeketi ndani yangu kimya, kama mgeni asiyepiga hodi.

Nyumbani nikafungua sanduku. Juu kabisa ilikuwapo kofia niliyomfumia mtoto, ndogo kama ngumi yangu. Kila uzi niliukata kwa meno.

Simu ikalia. Binti yangu.

“Mama, kitanda chako nimekitandika karibu na mtoto.”