Bao la Baba Mkwe

"Ukinishinda igisoro, chukua muke yako urudi naye Gisenyi," baba mkwe alikuwa amesema.

Kadiri, fundi cherehani, aliinamia bao, jasho likimdondoka puani hadi kwenye kete. Alipima shimo la kulia: angekula kete nane, kisha aliwe zote. La kati: angeliwa mapema zaidi. Akaanza kuhesabu upya.

Mkewe alichoka kusimama na mzigo kichwani. Akautua, akachota kete za shimo la pembeni, akazizungusha mpaka upande wa baba yake ukabaki mtupu.

"We! Nani alikufundisha?"

"Baba, mi nakuangalia tangu utoto."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akaanza kupanga kete upya.

"Bon, Kadiri," akasema. "We nenda. Huyu anabaki."