Kokteli ya Siku ya Kuganduka

Fabiano alikuwa anapiga simu kwa mara ya saba. Imelda alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye ubao wa mbele wa bwato, boti ya kutembeza watu ziwani, ndipo akaipokea.

"Uko wapi?"

"Bujumbura. Niko kwenye bwato, nakwenda kuangalia jua likizama."

"Leo? Umerogwa, Imelda?"

Nyuma ya sauti ya Fabiano vilisikika viti vya plastiki vikiburutwa, na mtu akijaribu kipaza sauti. Kule nyumbani Mwakiro walikuwa wanaganduka. Hiyo ndiyo siku ya kumaliza kilio. Watu wanaitwa, wanakunywa, marehemu anasifiwa hata kwa yale ambayo hakuwahi kuyafanya, halafu mali yake inatajwa mbele ya wote, nani anachukua nini. Kikishatajwa, basi, kimekwenda. Shamba la kahawa lilikuwa litajwe jioni hiyo, na Fabiano, kaka wa Imelda na mkubwa wa familia, alikuwa amevaa koti jipya kwa ajili hiyo.

Kahawa yenyewe aliipanda Imelda, mche kwa mche, mwaka ule waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Hilo Fabiano alikuwa amelisahau vizuri sana.

"Watu wamekuja kwa heshima ya marehemu," Fabiano alisema, sasa kwa kunong'ona. "Ukionekana huko unakunywa, mimi nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Nakuomba. Jifiche leo tu. Kesho tutakaa kama familia, tutaona namna."

"Namna gani, shamba likishasomwa kwa jina lako?" Imelda aliangalia maji. "Halafu marehemu angependa sana hapa, Fabiano. Kuna upepo mzuri." Akakata simu.

Habari za msiba zilifika Mwakiro kwa simu, Imelda akiwa bado Oman, akifanya kazi za ndani kwa watu. Miaka minne alikamua matunda, akapanga barafu na glasi ndefu, akabeba sinia hadi gatini, wenye nyumba wakapanda boti yao kwenda kuangalia jua. Yeye alibaki nchi kavu akilinda viatu vyao. Aliporudi mwezi uliopita alikuta wameshazika jeneza bila kulifungua, kaburi limeshapandwa maua. Aliliona mara moja tu, kupitia kioo cha taksi, kwa sababu Fabiano alimkataza kushuka. Wakampeleka moja kwa moja Gitega, mtaa wa Magarama, nyumbani kwa Riziki, rafiki wa Imelda, mwuza vitambaa. Akaambiwa akae ndani mpaka watu waganduke, asifungue dirisha, asipokee simu ya mtu.

Na alikaa. Hasira ilimpanda kila alipokumbuka kwamba alikaa, wiki tatu nzima, kama mtu aliyeiba.

Riziki ndiye aliyechoka kwanza. "Mi nilikaa eda ya mume wangu miezi minne na siku kumi," alisema asubuhi moja. "Lakini hata mi hakuna mtu alinikataza dirisha. We unakatazwa kwa kosa gani?"

Siku ya kuganduka ikafika. Kwenda Mwakiro asingefika popote, maana watu wa Fabiano walikuwa njia panda tangu alfajiri, wangemrudisha kabla hajaliona hema. Basi akaazima gauni jekundu la Riziki, lile la harusi za watu, wakapanda basi la Bujumbura wote wawili. Kama ni kuonekana, alisema, ataonekana amependeza.

Bwato liliondoka. Mhudumu alipita kati ya viti na sinia yake. "Mama, iko kokteli ya marakuja, iko ya nanasi. Unataka na pombe ao bila?"

"Ya marakuja. Na pombe."

Ilikuja, njano ya pasheni, na kipande cha chungwa ukingoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuletewa kinywaji kile na mtu mwingine, na alikunywa nusu nzima bila aibu yoyote. Jua lilikuwa limeshagusa milima ya Kongo. Watu walisimama kupiga picha, viboko wawili wakaguna karibu na matete, na mama mmoja akacheka peke yake kwa furaha.

"Saa hii wanafika kwenye mali," Riziki alisema. "Ukitaka kufanya, fanya."

Imelda alichukua simu ya Riziki, ambayo namba yake Mwakiro hawaijui, akampigia mzee Kastori, msemaji wa familia, kwa video. Alitaka shamba lake, na alitaka waone kwamba hajifichi.

Kastori alipokea akidhani ni mgeni aliyepotea njia. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo "halo" yake ilisikika hema zima. Imelda aliona safu za watu, makreti ya bia, Fabiano na koti lake mstari wa mbele. Aliinua glasi.

Kastori aliitazama simu. Akageuka, akaitazama meza iliyokuwa nyuma yake, yenye mishumaa na picha kubwa kwenye fremu. Akarudi kwenye simu. Mwanamke mmoja alianza kupiga kelele, na Fabiano akasimama.

"Shikamoo, mzee Kastori," Imelda alisema. "Hiyo picha yangu mliyoiweka hapo ni mbaya sana. Mngeniambia kabla ya kunizika, ningewatumia nyingine."