Tone la Samli

Asubuhi hiyo Bi Nasra alikuwa ameshaamua: chupa hii ikiisha, basi, hauzi samli tena. Mji mzima ulishahamia mafuta ya madumu, yale yasiyo na harufu, na ng'ombe walikuwa wameswagwa mbali hata kengele zao watu walizisikia ndotoni tu.

Msichana mmoja, mtoto kamfunga ubavuni kwa kanga, akasimama mbele ya meza yake. Kama ilivyo desturi ya wauza samli, Bi Nasra akamdondoshea tone nyuma ya kiganja ili aonje.

Msichana akajipaka. Akalisugua taratibu mpaka kwenye kiwiko, kisha akaugeuzageuza mkono juani.

"Mafuta mazuri haya, bibi. Yanang'arisha. Ni ya nazi?"

Bi Nasra alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Ni ya kula hayo, mwanangu."

Mtoto akaudaka ule mkono, akaanza kuulamba polepole, macho kayafumba. Harufu ya maziwa na moshi ikatanda. Muuza vitunguu wa jirani akaacha kupima, akainua pua.

Mbali kidogo kengele ikalia, au labda ni masikio ya Bi Nasra tu. Akakifungua tena kifuniko cha chupa.